Siku Niliyomlilia Mzee Kasanda Akiwa Hai

Aibu hii ni yangu mwenyewe na sitamsingizia mtu, wala shetani, wala presha yangu ya kupanda na kushuka. Nilijaribu kukaa nayo kimya, lakini kukaa kimya na jambo ambalo mji mzima wa Mpanda unalijua ni kujisumbua bure, maana nikipita sokoni wauza nyanya wanacheka kabla sijasimama, na kila mmoja anaisimulia kivyake, wengine wanasema nilizimia, wengine wanasema nilipanda juu ya meza, wapo hata wanaosema nilikuja na watoto sita nimewapanga mstari kama wanafunzi. Uongo mtupu. Juu ya meza sikupanda, nililala tu. Kwa hiyo kaeni niwaeleze ilivyokuwa yenyewe, mkicheka chekeni, nimeshazoea, ila msinikatize.

Mimi naitwa Koleta, Mkonongo wa Inyonga, nililetwa hapa Misunkumilo na mume, marehemu mzee wangu, aliyekuwa kibarua wa kutengeneza reli, hii inayotoka Kaliua na kuishia hapa kwetu (ikifika Mpanda imechoka, haiendi tena popote, kama mimi). Nilisoma mpaka darasa la nne nikatosheka. Nilizaa watatu na wote wamesoma kwa mihogo na karanga za mikono hii, mmoja yuko Dar, mmoja Mbeya, wa mwisho kaolewa Tabora. Na mjukuu wangu Yusta, niliyemlea tangu ana meno mawili, yuko chuo cha uuguzi, na kama hujui kwamba mjukuu wa Koleta yuko chuo cha uuguzi basi hujawahi kusimama na mimi zaidi ya dakika mbili.

Sasa Yusta alipoondoka ndo nyumba ikawa kubwa. Vyumba ni vilevile viwili na sebule, lakini ikawa kubwa, sijui niseme vipi. Wiki nzima nilisonga ugali wa watu wawili kwa mazoea, namaliza wangu, nakaa natazama ule mwingine unavyopoa. Nikaanza kumjibu mtangazaji wa redio. Akisema habari za asubuhi, nasema nzuri, akisema usiondoke, nakaa. Watoto wanapiga simu, siwasemi vibaya, wanapiga, ila simu ya mtu mwenye kazi ni fupi, unaulizwa kama umekula, unasema nimekula, basi. Majirani zangu wa zamani walihama au walikufa, waliokuja ni vijana wanaofunga geti kubwa la bati, wanatoka asubuhi wanarudi jioni, salamu yao ni honi.

Mtaniuliza, kwa nini hukusema? Nimwambie nani? Mtu mwenye watoto watatu wazima na mjukuu chuoni hawezi kusimama akatangaza kwamba yuko mpweke, watu watasema watoto wamemtupa, na mimi watoto wangu hawajanitupa, na hata wangenitupa nisingemruhusu mtu aseme. Hivyo nikabana. Kichwa juu, kanga safi, habari zenu, nzuri, napita.

Ndo siku moja natoka kusaga nikasikia vilio kwenye nyumba ya jirani na mashine. Siwajui wenyewe, lakini kilio ni kilio, nikaingia, nikasema poleni, nikakaa kwenye mkeka na akina mama. Mara nikapewa kisu nisaidie kukata vitunguu. Mara nikapewa chai. Mara mmoja akaniegemea begani akalia, mwingine akaniita bibi yetu, nikaulizwa mambo ya zamani, nikasimulia, wakasikiliza. Nilirudi nyumbani jua linazama na nikalala kama mtoto aliyenyonya. Mungu anisamehe, mtu kafa, mimi nimelala vizuri.

Wiki iliyofuata nikasikia msiba mwingine. Nikaenda. Halafu mwingine. Jamani, sikuwa naenda kwa chakula, anayesema hivyo nitamjua leo. Nilikuwa naenda kwa watu. Msibani hakuna anayekuuliza umefuata nini, unapewa pa kukaa, unapewa kazi ya mikono, unaambiwa pole. Nikatenga na kanga maalumu, ile nyeusi na nyekundu. Na wakiniuliza, "Bibi, wewe ni wa upande gani?" nilikuwa na jibu moja tu, "Upande wa mama." Kila maiti ina upande wa mama, na hakuna ukoo unaoujua wote.

Na kulia najua. Hili nalisema bila kuringa (naringa kidogo). Vijana wa siku hizi wanalia kama wanapiga chafya. Mimi naingia kuanzia barabarani, mikono kichwani, kanga imeshuka usoni, nalia kwa maneno, mpaka wanawake waliokuwa wamenyamaza wanaanza upya. Na machozi yalikuwa ya kweli, msije mkadhani naigiza. Marehemu simjui, lakini nikishafungua mdomo anayetoka ni mzee wangu, na ule ugali wa pili, na kitanda cha Yusta kimetandikwa hakuna wa kukilalia. Nilikuwa na mengi ya kulilia ila nyumbani hapakuwa na mtu wa kuniambia nyamaza.

Haya. Jumamosi ile nimetoka sokoni na mfuko wangu wa kisamvu, nikapita njia ya juu kukwepa tope, nikaliona turubai. Lile turubai la bluu na nyeupe nalijua, ni la kukodi, limefunika misiba mitatu niliyohudhuria. Viti vya plastiki vimejaa. Akina mama wamevaa sare ya kitenge cha zambarau, na wale wa zambarau nimewaona misibani mara nyingi. Moshi wa kuni nyuma ya nyumba. Na kimya, kimya cha watu wengi waliokaa pamoja, wameinamisha vichwa. (Baadaye nilikuja kujua kwamba umeme ulikuwa umekatika, muziki ukazimika, na kila mtu alikuwa ameinamia simu yake. Mimi ningejuaje?)

Sikukurupuka. Hilo nataka lieleweke. Niliuliza. Pale kona kuna mama anakaanga mihogo, nikamwambia, "Mwanangu, pale kuna nini?"

"Ni kwa Mzee Kasanda, bibi, yule fundi baiskeli. Leo wanamuaga."

"Maskini! Alikuwa anaumwa?"

"Wala! Imekuja ghafla tu, hata sisi majirani tumeshangaa. Juzi alikuwa hapa anakula mihogo."

"Na umri wenyewe alikuwa mkubwa?"

"Zaidi ya sabini. Lakini ndo Mungu kampangia."

Sasa niambieni nyie, hayo ni maneno ya nini? Wanamuaga, ghafla, juzi alikuwa hapa, Mungu kampangia. Sijamaliza hata kumsikiliza, nikashusha kanga usoni (ilikuwa ile ya sokoni ya njano, lakini huzuni haichagui), nikaweka mikono kichwani, na nikaingia kwa kishindo.

"Mzee wangu weee! Umeniacha! Umeniacha na nani, mzee wangu! Juzi tu tulikuwa wote, leo umeniacha! Ungeniaga basi, mzee wangu, unaondoka hivihivi bila kuniaga!"

Watu wakanipisha njia. Nikaona heshima hiyo. Kwa chini ya kanga nikaona mbele kuna kitu kirefu kimefunikwa shuka jeupe mpaka chini, na maua ya plastiki juu yake. Kwa kawaida mtu akifika karibu na jeneza akina mama wanamdaka, wanamshika kwapa, wanamrudisha kwenye mkeka. Nikapunguza mwendo ili wanidake. Hawakunidaka. Nikaongeza sauti ili wanikumbuke. Hakuna. Basi, nitarudi nyuma vipi na nimeshafika? Nikajitupa.

Mkono wa kulia ukazama kwenye kitu laini. Hapo ndo nikajua hili jeneza lina shida. Nikanusa. Vanila. Chupa za soda zikaanza kudondoka moja moja, shuka likavutika na mimi, maua yakaniangukia kichwani, nikainua uso, na ng'ambo ya meza nikamwona mzee mmoja wa kaunda suti mpya, ua jekundu kifuani, ananitazama kama mtu aliyeona treni inaingia sebuleni kwake. Pembeni yake mama mnene wa makamo amejipamba, na yeye ana ua.

Nikamuuliza mtu wa karibu, kwa sauti ya chini, "Samahani, marehemu ni yupi?"

Na umeme ukachagua kurudi wakati huohuo. Spika zikalipuka na muziki wa harusi, taa za rangi zikaanza kukimbizana, na mshereheshaji, kijana aliyevaa suruali ya kubana mpaka nikamwonea huruma, akashika kipaza sauti akasema, "Aisee, wazee wa Mpanda, mambo yamekuwa mambo!"

Ndo nikaelewa. Wanamuaga. Walikuwa wanamuaga ukapera! Mzee Kasanda alikuwa mgane, mke alimfia, sasa anaoa tena, na wazee wenzake wa bao walikuwa wamemwandalia sherehe ya kumuaga kama wanavyoagwa mabinti, na siku hiyohiyo ndugu wa bibi harusi walikuwa wamekuja kutoka Sitalike kumaliza maneno. Bibi harusi ni huyo mama aliyejipamba, anaitwa Bi Nyamizi. Na kaka yake, Bwana Masanja, mrefu, fimbo mkononi, alikuwa ameshasimama.

"Zima hiyo kelele!" Muziki ukazimwa. Akanisogelea. "Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Unamfahamu huyu mzee?"

Hapa. Hapa ndo pa kunichapa. Ningesema hapana, simfahamu, nimekosea nyumba, wangecheka, ningefuta mkono, ningeondoka, na leo msingekuwa mnanisikiliza. Lakini nikafikiri haraka haraka, nikisema simfahamu, wataniuliza sasa unamlilia nini? Na jibu la swali hilo nilikuwa sijampa mtu yeyote chini ya jua, hata Yusta. Nikaona bora jibu dogo halafu nitoke polepole. Nikasema, "Namfahamu."

Neno moja tu. Turubai lote likavuta pumzi.

Mama mmoja wa zambarau, mwenyekiti wao, anaitwa Mama Sabina, akaja akanikumbatia, akaniketisha, akanipa soda. "Pole, mama yangu. Pole sana. Wanaume ndivyo walivyo." Na mimi, badala ya kujiuliza pole ya nini, nikasikia raha. Ndivyo nilivyozoea, nikilia napewa pole, nikipewa pole nashika mkono wa mtu. Akaniuliza taratibu, "Alikuacha lini?" Kwangu mimi aliyeniacha ni mmoja tu, yuko makaburini, nikamjibu, "Huu mwaka wa sita, mwanangu."

"Na watoto mnao?"

"Watatu."

"Anawaona?"

"Atawaonaje, mwanangu, na huko aliko!"

Mama Sabina akageuka akamtazama Mzee Kasanda jicho ambalo lingeweza kumenya muhogo. Akamnong'oneza wa pembeni. Wa pembeni akamnong'oneza wa nyuma. Nikaona maneno yanatembea kwenye vile viti kama moto kwenye nyasi za kiangazi, yakazunguka turubai zima, yakafika kwa Bwana Masanja yakiwa yameiva kabisa, mke wa ndoa, miaka sita, watoto watatu, hajui hata sura zao.

Bwana Masanja akagonga fimbo chini. "Mzee Kasanda! Ulituambia mke wako alifariki."

"Alifariki!"

"Mbona yuko hapa anakula keki?"

(Nilikuwa nalamba mkono tu. Ningeufutia wapi?)

Hapo ndo akili ikanirudi. Nikataka kusema, nikachelewa. Mzee Kasanda akainuka, "Jamani, huyu mama simjui! Simjui hata kwa ndoto!" Alipaswa kunyamaza, maskini, maana akina mama wa zambarau walizomea kwa pamoja, "Anamkana! Mbele ya macho yake anamkana!" Mmoja wa wazee wa bao akajaribu kumtetea, "Kasanda nimekaa naye miaka ishirini, mwanamke pekee anayemjua ni yule malkia wa karata," akaambiwa akae. Na simu, ooh, simu zote zilikuwa zimeinuliwa juu, zinarekodi.

"Sisi ni watu wa Sitalike," Bwana Masanja akasema, "tunalala na viboko na mamba nyuma ya nyumba. Mnyama anayejifanya gogo tunamjua. Inukeni, tunaondoka."

Wageni wakaanza kuinuka, viti vinasuguana, mtoto mmoja analilia keki. Mzee Kasanda kasimama mikono inaning'inia. Na Bi Nyamizi hakuinuka. Alitoa ua lake kifuani, polepole, sindano ikamsumbua kidogo, akaliweka juu ya kiti alichokuwa amekaa Mzee. Hakupiga kelele. Alimwambia kaka yake, sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema chumvi imekwisha, "Miaka minane nakula peke yangu, kaka. Nilikuwa nimeshanunua sahani ya pili."

Jamani. Mimi nimezika mume, nimezika na mama na dada zangu, lakini maneno yale yaliniingia mahali ambapo hapajawahi kuguswa. Huyu mwanamke alikuwa ananijua bila kunijua. Na mimi, kwa sababu ya jibu moja la kujilindia jina, nilikuwa namrudisha Sitalike akale tena akitazamana na ukuta. Nikaona kabisa kwamba ni jina langu au sahani yake, vyote viwili havitaondoka salama pale.

Nikasimama. Maua ya plastiki yalikuwa bado kichwani, hakuna aliyeniambia. Nikasema, "Kaeni chini! Nimewaambia kaeni! Mimi huyu mzee simjui!"

"Umesema unamfahamu," Bwana Masanja akasema.

"Nimedanganya! Nilidhani amekufa!"

Mtu mmoja akacheka, wa pembeni akamfinya.

"Nilisikia anaagwa, nikajua ni msiba, nikaingia kulia. Aliyeniacha ni mume wangu, amekufa, kaburi lake lipo, atakayetaka kuliona nitampeleka sasa hivi. Watoto watatu ni wa kwake huyo."

"Sasa mama," Bwana Masanja akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "unaingiaje kumlilia mtu usiyemjua?"

Ndo lile swali. Lilikuja tu, kwa mlango mwingine. Nikatazama chini nikasema, "Kwa sababu nyumbani hakuna mtu. Nikilia nyumbani hakuna wa kunisikia, na nikicheka pia hakuna. Msibani kuna watu. Basi. Nimesema. Mtu asiniulize tena."

Nilidhani ardhi itapasuka. Haikupasuka (ardhi ya Mpanda ina kiburi kama changu). Na Bwana Masanja alikuwa bado anatikisa kichwa, haamini, anaona huu ni mchezo umepangwa na Mzee. Ndo Mama Sabina akapiga kelele, "Subirini! Subirini kwanza! Huyu bibi si alikuja kwetu, alipofariki baba mdogo? Alilia mpaka tukampa godoro! Sisi tulijua ni wa upande wa mama!"

Mwingine akaruka kutoka nyuma, "Hata kwetu! Kwa shemeji! Alisema upande wa mama!"

"Jamani, na kwetu Kawajense! Alikata vitunguu ndoo nzima, tukamfungashia wali, tukasema huyu bibi wa Inyonga ana upendo kuliko ndugu wa tumbo moja!"

Mzee wa bao yule aliyeambiwa akae akasimama tena. "Mimi nilimpa kiti changu kwenye msiba wa mke wangu. Nimemtafuta kwa wakwe mwaka mzima nimshukuru!"

Wakahesabu wenyewe pale pale, misiba saba. Koo saba, zote mimi ni upande wa mama. Kicheko kilichotoka chini ya lile turubai sijui niseme nini, watu walishikana, mshereheshaji alikaa chini kabisa na kipaza sauti chake, Bwana Masanja aliishikilia fimbo kwa mikono miwili anacheka bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka. Na mimi katikati, na maua yangu. Nilitamani kuwa mchwa.

Aliyenitoa pale ni marehemu mwenyewe. Mzee Kasanda alikuja akanitoa maua kichwani, moja moja, akasema, "Dada yangu, mke wangu wa kwanza alipofariki hakuliliwa hivi. Watoto wangu wenyewe hawatanililia hivi. Basi mimi umeshanimaliza, siku nikifa kweli wewe pumzika." Halafu akarudi akalichukua lile ua kwenye kiti, akamtazama Bi Nyamizi, na Bi Nyamizi akajifanya anatazama pengine huku amesogeza bega lake karibu ili avalishwe.

Mimi nikachukua kisamvu changu niondoke. Nimefika kwenye nguzo ya turubai Mama Sabina akanikamata mkono, na yule mama hana maneno ya sukari, tunafanana. "Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa nani?"

Nikautazama mfuko wa kisamvu.

"Bibi, na wewe! Si ungesema tu? Kila Alhamisi tunamenya karanga kwangu, mikono haitoshi, midomo ndo mingi. Wewe unazunguka mji mzima unatafuta maiti, na sisi tuko hai, nyumba ya tano kutoka kwako! Honi nakupigia kila asubuhi, uso hunigeuzii!"

Nyumba ya tano. Lile geti la bati jekundu. Miaka miwili nalipita kichwa juu, nalidharau, nikijua ndani wanaishi watu wa honi. Bi Nyamizi naye akasogea, akanipa kipande cha keki ile ile yenye alama za vidole vyangu vitano, akasema, "Kula mama, hii hakuna mwingine atakayeitaka," tukacheka wawili, halafu tukaona tunalia wawili, halafu akaniuliza kisamvu changu nakiunga kwa karanga au kwa nazi. Nikamwambia anayeunga kwa nazi huku kwetu ana fedha za kuchezea. Tukakaa. Nilitoka pale jua limelala kabisa kwenye miti, na nilisindikizwa.

Sasa msidhani mambo yaliishia kwenye keki. Ile video ilifika Dar kabla sijafika nyumbani. Yusta alinipigia kutoka chuoni, "Bibi, umetrendi!" nikamuuliza ni ugonjwa gani huo, akanieleza, nikakaa chini. Watoto wangu wote watatu walipiga siku moja, wakubwa wale wakawa wakali, "Mama, kwa nini hukutuambia?" na wa Tabora hakuwa mkali, alinyamaza tu kwenye simu muda mrefu, tukasikilizana tunavyopumua, na simu ile haikuwa fupi. Amekuja mara mbili tangu hapo. Mtaani jina langu la ubatizo limekufa, naitwa Bibi Umeniacha, hata mwenyekiti wa mtaa alilisoma hivyo kwenye mkutano akaomba radhi baadaye. Na Mzee Kasanda kila akipita na baiskeli yake, Bi Nyamizi amekaa nyuma, anapiga kengele na kupaza sauti, "Bado nipo, dada!" Namjibu atulie, bado nina sauti.

Kwa hiyo mimi nimeapa, na nyie ni mashahidi. Sitamlilia tena mtu ambaye sijahakikisha kwa macho kwamba hajitingishi. Nikiona turubai nasimama ng'ambo ya barabara, naangalia kama kuna keki. Neno kuagwa nikilisikia nauliza, anaagwa kwenda wapi? Na yule mwenye nyumba kubwa kama yangu, ya vyumba viwili na sebule, aliyebana kichwa juu akisema habari nzuri, namwambia bila kumficha, aibu ya kusema nimeionja na aibu ya kunyamaza nimeionja, ya kusema ina uchungu wa siku moja, halafu inakuja na karanga.

Siku hizi Alhamisi wananipitia. Wanakuja watatu wanne, wanasimama mlangoni, wanaita, "Bibi Umeniacha, twende!" Mimi tangu saa nane nimeshaoga, nimeshavaa, kanga iko begani, nimekaa kwenye kiti nyuma ya mlango. Lakini nawajibu, "Ningojeni, bado najitengeneza!" Na nakaa kidogo hapohapo kwenye kiti, nawasikiliza wanavyonilalamikia nimechelewa.